Mgeni wa Linux mpe MATE kwanza, hayo mengine atayakuta mbele (uzi wa kubishana)

#1 MshikaKipanya

Wakuu salaam. Nina jambo linanikera naomba tulijadili. Tangu Windows 10 iachwe Oktoba 14, 2025 watu wanamiminika humu, mashine zao hazina ile chipu ya usalama ya TPM 2.0 hivyo Windows 11 inawakatalia, wanauliza Linux gani waweke. Sisi tunaanza kutajiana distro (matoleo ya Linux, kama Ubuntu na Mint), huyu hii, yule ile, hakuna anayemwambia mtu kwamba atakachokuwa anakiangalia kuanzia asubuhi mpaka usiku siyo distro, ni desktopu. Menyu iko wapi, dirisha likipunguzwa linaenda wapi, faili likikopiwa linakaa wapi, hayo ndo maisha yake.

Dai langu: mgeni apewe MATE. Kwa asiyeijua, ni ile desktopu ya zamani ya GNOME 2 ambayo watu waligoma isife. Paneli ya juu ina menyu tatu, ya programu, ya maeneo na ya mfumo. Paneli ya chini inaonyesha madirisha yote yaliyofunguka. Aikoni zipo kwenye desktopu kama kawaida. Bonyeza kulia kwenye paneli unaongeza unachotaka. Hakuna kona ya siri, hakuna kitu cha kutelezesha. Mgeni akikaa anaona kila kitu kiko mbele yake.

Nibishieni.

#2 Kaptula

Nimeweka kambi hapa. Uzi wa desktopu haujawahi kuisha kwa amani.

#3 Bi_Terminali

Nakubisha mapema. Mimi nimewahamisha watu wengi tu kazini na hakuna hata mmoja aliyerudi Windows kwa sababu ya menyu. Wanarudi kwa sababu dokumenti waliyotumiwa imefunguka kwenye LibreOffice (mbadala wa Microsoft Office) majedwali yamehama, au printa imegoma, au kuna programu moja ya kazi yao ambayo haipo upande huu. Menyu mtu anaizoea haraka sana. Tunaipa desktopu sifa na lawama zisizo zake.

#4 Dirisha_Wazi

MshikaKipanya unaposema "kama kawaida" ni kawaida ya nani? Mstari wa chini na menyu ya kuanzia vililetwa na Windows 95, kwa hiyo kawaida yako ni ya mwaka 1995. Kijana ambaye kompyuta yake ya kwanza ilikuwa simu hana kawaida hiyo. Mpe GNOME ya sasa, anabonyeza kitufe cha Super, anaona madirisha yake yote yametandazwa, anaandika jina la programu, kaingia. Wadogo zangu hawakufundishwa na mtu. Hiyo mnayoita "desktopu ya jadi" ni jadi ya wazee, tuseme ukweli.

#5 KobeKompyuta

Nimesikia neno wazee nimekuja mbio.

Tuwekane sawa kidogo kihistoria maana naona wadogo humu hawakuwepo. GNOME 2 ilitoka 2002 ikadumu mpaka 2.32 mwaka 2010. Ilikuwa ndo sura ya Linux kwa watu wengi, Ubuntu, Fedora, Debian, kote unaikuta. Aprili 2011 ikaja GNOME 3 ikabadilisha karibu kila kitu, menyu za juu zikaondoka, aikoni za desktopu zikaondoka, hata vitufe vya kupunguza na kukuza dirisha vikaondolewa ukabaki na cha kufunga. Mwezi huo huo Ubuntu nayo ikaleta desktopu yake, Unity. Yaani mtu aliyekuwa na kazi zake alilala na desktopu moja akaamka na nyingine. Mtu akirudi kwake akute jiko limepangwa upya, vyombo ni vyake vyote lakini kijiko hakioni. Hata Linus Torvalds, muasisi wa Linux mwenyewe, alilalamika hadharani akahamia desktopu nyingine, Xfce.

Ndipo jamaa mmoja wa Argentina anayejulikana kwa jina la Perberos akachukua msimbo wa GNOME 2 akasema mimi naendelea nao. Hiyo ilikuwa 2012 na ndo MATE ikazaliwa.

#6 MtuWaPakiti

Mzee Kobe hadithi tamu ila mwaka siyo. Perberos alitangaza mradi Juni 2011 kwa wenzake wa Arch Linux, miezi miwili tu baada ya GNOME 3. Mwaka 2012 unaokumbuka labda ni toleo la 1.4.

Na umeruka jambo la maana. Hakuendelea na msimbo hivi hivi tu, ilibidi abadilishe majina ya kila kitu, kwa sababu GNOME 2 na GNOME 3 zilikuwa zinatumia majina yale yale ya pakiti na faili, huwezi kuziweka zote kwenye mashine moja zikaelewana. Nautilus ya kupanga faili ikawa Caja, gedit ya kuandika maandishi ikawa Pluma, Evince ya kusoma PDF ikawa Atril, File Roller ya faili zilizobanwa ikawa Engrampa, Metacity ya kusimamia madirisha ikawa Marco. Kazi ya kuchosha lakini bila hiyo leo tusingeweza kuziweka MATE na GNOME pamoja ukachagua wakati wa kuingia.

Nyongeza, Torvalds alirudi GNOME baadaye, kwa hiyo hiyo hoja msiitegemee sana.

#7 KobeKompyuta

@MtuWaPakiti wewe ulikuwa umejificha unanisubiri niandike mwaka tu.

#8 Dirisha_Wazi

Na hayo majina ndo tatizo jingine mnalolificha. Mgeni anafungua menyu anakuta Caja, Pluma, Atril, Engrampa. Atajuaje kwamba Atril ndo inafungua PDF? Mnasema kila kitu kiko mbele yake, kiko mbele kweli ila kimevaa barakoa 😂

#9 MshikaKipanya

Nani anafungua PDF kwa kutafuta jina la programu? Unabonyeza faili mara mbili inafunguka, jina huhitaji. Halafu huko kwenu nako Evince na Nautilus yalikuwa yanaeleweka na nani?

#10 Mgeni_Kabisa

Samahani wakubwa, mimi ndo huyo mgeni mnayemgombania. Nimesoma post zote na nimechanganyikiwa zaidi. Linux Mint na MATE ni vitu viwili au kimoja? Maana nimeona "Linux Mint MATE" na pia nimeona "Ubuntu MATE". Nidaunlodi ipi?

#11 Shangazi_Seva

Karibu mwanangu, usiwasikilize hao watakuzeesha.

Sikiliza. Distro ni mfumo mzima, pakiti zake, apdeti zake, namna ya kuinstoo. Desktopu ni ile sehemu unayoiona na kuigusa. Distro moja inaweza kutolewa na desktopu tofauti. Linux Mint wanatoa tatu, Cinnamon, MATE na Xfce, ndani ni Mint ile ile. Ubuntu MATE ni Ubuntu iliyovalishwa MATE, iliyoanzishwa na Martin Wimpress na Alan Pope 2014, mwaka uliofuata ikatambuliwa rasmi kama mmoja wa ndugu wa Ubuntu. Debian nayo inakuuliza wakati wa kuinstoo unataka desktopu gani. Kwa hiyo MATE ya Mint na ya Ubuntu ni MATE ile ile, ila waliipanga tofauti, Mint wameweka paneli moja chini na menyu yao.

Chukua yoyote kati ya hizo, iweke kwenye flashi, washa mashine kwa flashi, ijaribu bila kugusa diski yako. Usipoipenda chomoa, Windows yako utaikuta palepale.

#12 Mgeni_Kabisa

Asante sana, hii imeniingia kuliko yote.

#13 Kaptula

Shangazi kaua uzi kwa post moja. Turudi nyumbani.

#14 Bi_Terminali

Hajaua. Ameeleza ila hajajibu kwa nini MATE na siyo Cinnamon. Ukimchukua mtu aliyetoka Windows, Cinnamon ndo inafanana na alichozoea, na ndo Mint wanayoiweka mbele. Walianza kuitengeneza wakati ule ule wa vurugu za GNOME 3, wakachukua teknolojia mpya ya GNOME 3 wakairudisha kwenye umbo la zamani, wakati MATE walishika msimbo wenyewe wa zamani. Mbinu tofauti, lengo karibu moja. Sasa mgeni ana sababu gani ya kuchagua msimbo wa zamani?

#15 MtuWaPakiti

Huo "msimbo wa zamani" usiutaje kama mzoga. MATE walihama GTK2 (zana za kuchorea vitufe na menyu) wakaingia GTK3 kabisa kwenye toleo 1.18 mwaka 2017. 1.20 ya 2018 ikaongeza kutambua skrini zenye pikseli nyingi. 1.26 ilitoka 2021, 1.28 ikatoka Februari 2024. Wanaenda polepole, sawa, ila hawajasimama.

Na huo upolepole kwa mgeni ni faida. Umemfundisha mtu leo, atakapokuja kuuliza tena baada ya muda mrefu menyu iko palepale ulipomwonyesha.

#16 Dirisha_Wazi

Polepole mpaka lini? Kuna Wayland mlango unabisha. GNOME wameshaanza kuitupa X11, KDE, desktopu nyingine kubwa, wametangaza nao wanaelekea huko, Xfce 4.20 ya Desemba 2024 imeleta Wayland kwa majaribio. MATE bado inaegemea X11. Unampa mgeni nyumba ambayo tangazo la kuhama limeshabandikwa mlangoni.

#17 Mgeni_Kabisa

Wayland ndo nini tena jamani

#18 MtuWaPakiti

Ni mfumo unaochora madirisha kwenye skrini. X11 ni wa miaka ya themanini, ulitengenezwa enzi ambazo hakuna aliyefikiria kwamba programu moja inaweza kupeleleza unachoandika kwenye programu nyingine. Kwenye X11 inawezekana, Wayland imeziba hilo, na inashughulikia vizuri zaidi skrini mbili zenye ukali tofauti. Ila siyo jambo la kukunyima usingizi, X11 itaendelea kuwepo kwenye distro nyingi kwa muda, na MATE wanafanyia kazi Wayland kidogo kidogo. Dirisha_Wazi anatisha watu.

#19 Dirisha_Wazi

Sitishi natahadharisha. Na hapo kwenye skrini umegusa pabaya, mwenye laptopu yenye skrini kali sana MATE inampa mara moja au mara mbili basi, katikati hapo hamna, unabaki kucheza na ukubwa wa fonti mpaka uchoke. Hilo mgeni analiona dakika ya kwanza anapowasha, tena kabla hata ya menyu.

#20 MshikaKipanya

Wanaokuja humu wana mashine ambazo Windows 11 imezikataa mkuu. Skrini kali wanaitoa wapi?

#21 Sauti_Kwanza

Naomba nichangie upande ambao hamjaugusa. Mimi sioni, natumia kompyuta kwa kusikiliza kupitia kisoma skrini cha Orca. Kwangu mimi mjadala wa sura nzuri au mbaya haupo. Ninachotaka ni kwamba nikibonyeza kitufe nijue nimefika wapi, na kesho nikibonyeza tena nifike hapo hapo.

MATE ilinifaa kwa sababu hiyo. Menyu ni orodha, unashuka kwa mishale, kila kipengele kinasomwa, kina mwanzo na mwisho. Alt+F1 inafungua menyu, Alt+F2 inafungua kisanduku cha kuandika amri, Ctrl+Alt+Tab inakupeleka kwenye paneli na desktopu. Desktopu zinazotegemea kutandaza madirisha kwenye skrini nzima kama picha zinaweza kusomwa pia, GNOME wamefanya kazi kwenye hilo siwezi kuwanyima sifa, ila akilini mwangu ramani ya MATE ilikaa haraka zaidi. Marafiki zangu wengine wasioona wako kwenye GNOME na wana sababu zao, kwa hiyo sisemi ni sheria.

Na MtuWaPakiti, tahadhari ya Wayland kwetu ni ya kweli. Kile kile kinachozuia programu kupeleleza kibodi ndicho kilichowapa shida watengenezaji wa visoma skrini, kwa sababu kisoma skrini lazima kijue umebonyeza nini.

#22 Shangazi_Seva

Post ya maana kuliko zote humu. Asante @Sauti_Kwanza.

#23 KobeKompyuta

Naunga mkono #21. Hapo ndo nilipotaka kufika na nikakatizwa na wahakiki wa miaka. "Jadi" maana yake siyo uzee, ni kwamba vitu havihami.

#24 Kaptula

Mimi nataka kujua ramu. Watu wanasema MATE nyepesi, wengine wanasema Xfce nyepesi zaidi, wengine LXQt. Laptopu yangu ikiwaka feni inalia kama inataka kuruka.

#25 Bi_Terminali

Haya tena, mashindano ya ramu. Kaptula, fungua brauza, weka tabo zako zile unazozijua mwenyewe, halafu angalia nani kala ramu. Tofauti kati ya MATE na Xfce inamezwa na tabo moja ya video. Mashine ikiwa dhaifu kweli kweli hapo ndo LXQt ina maana, vinginevyo badilisha diski inayozunguka uweke SSD, utadhani umenunua mashine nyingine.

#26 MtuWaPakiti

Nakubaliana kuhusu SSD. Ila Xfce isidharauliwe, imekuwepo tangu 1996, Olivier Fourdan ndo alianza, yaani ina umri mkubwa kuliko GNOME yenyewe iliyoanza 1997. Na haikuwahi kuwapindulia watumiaji wake meza. Kama hoja ni "vitu havihami" basi Xfce inastahili kuliko MATE, tena haikuhitaji mtu wa kuiokoa.

#27 MshikaKipanya

Xfce naiheshimu ila hapo siku za nyuma mgeni alikuwa anakosa vitu vidogo. Mfano Caja, bonyeza F3 dirisha linagawanyika mara mbili, folda huku folda kule, unaburuta picha kutoka kwenye flashi kwenda kwenye mashine bila kufungua madirisha mawili. Watu wazima niliowaonyesha hilo tu walifurahi kuliko yote niliyowaambia. Thunar, programu ya faili ya Xfce, ilipata hiyo kitu 2022 kwenye 4.18. Nautilus walikuwa nayo wakaiondoa 2012.

#28 Dirisha_Wazi

Nautilus buruta faili kwenye tabo nyingine, kazi imeisha. Mnapenda F3 kwa sababu mmeizoea.

#29 MshikaKipanya

Ndiyo. Kuzoea ndo mada ya uzi.

#30 Paneli_Imepotea

Habarini. Samahani naingilia, niliwekewa MATE na jamaa yangu, nilikuwa najaribu kuongeza saa nikabonyeza kulia nikachagua kufuta, sasa paneli ya juu yote haipo. Menyu haipo, Wi-Fi haionekani, kitufe cha kuzima hakipo. Naandika kwa simu.

#31 Kaptula

😂😂😂 "Hakuna kona ya siri, kila kitu kiko mbele yake"

#32 MtuWaPakiti

Usihofu @Paneli_Imepotea, hujaharibu kitu. Bonyeza Ctrl+Alt+T, terminali (dirisha la kuandika amri) ifunguke. Andika mate-panel --reset halafu Enta. Paneli zitarudi kama zilivyokuwa siku ya kwanza. Ulizoongeza mwenyewe zitapotea ila programu na faili zako ziko salama.

#33 Paneli_Imepotea

Imerudi! Asanteni mno.

#34 Dirisha_Wazi

Hebu tuseme kwa utulivu sasa. GNOME ya kawaida huwezi kufuta mstari wa juu kwa bahati mbaya hata ukitaka. Mnachosifia kama uhuru, kubonyeza kulia na kupanga unavyotaka, mgeni anaweza kukitumia kujikata. Na dawa yake ikawa terminali, kitu ambacho mgeni hakijui.

#35 Shangazi_Seva

Hapo kapata pointi, mpeni. Mimi nikimwekea mtu MATE, vitu vyote vya kwenye paneli navifungia visihame, bonyeza kulia juu yake kuna chaguo la kufunga. Haizuii kila kitu ila inapunguza ajali. Na namwonyesha njia ya kurudisha nikiwa bado nimekaa naye, siyo siku balaa limeshatokea.

Ila naona wote mnazunguka kitu kimoja bila kukitaja. Watu waliobaki Linux kati ya niliowasaidia ni wale waliokuwa na mtu wa kumpigia simu. Niliowawekea desktopu nzuri nikawaacha, wengi walirudi walikotoka. Niliowawekea hata kitu cha ajabu lakini nikawa napokea simu zao, wapo mpaka leo. Mnatafuta sababu kwenye paneli, sababu iko kwenye simu.

#36 Bi_Terminali

Shangazi simu zenyewe wanazopiga zinahusu nini? Zangu zote ni dokumenti na printa. Narudi kwenye #3 yangu.

#37 Shangazi_Seva

Zangu nyingi "faili nililosevu limeenda wapi". Kwa hiyo narudi nusu kwa MshikaKipanya 😄

#38 KobeKompyuta

Kuna jambo la mipangilio hatujaligusa. Ubuntu MATE ina programu inaitwa MATE Tweak, ndani unachagua mpangilio mzima wa paneli kwa mkupuo. Traditional ni ule wa GNOME 2, Redmond unafanana na Windows, Cupertino unafanana na Mac, Mutiny unafanana na Unity ile. Swali langu, mgeni aliyetoka Windows umwekee Redmond au umwachie ule wa asili?

#39 MshikaKipanya

Redmond bila kufikiri. Unampunguzia mshtuko.

#40 Bi_Terminali

Hapana kabisa. Ukimfananishia na Windows anaamini ni Windows. Siku ya pili anadaunlodi faili la .exe la Windows anabonyeza mara mbili halafu anakuambia mashine mbovu. Sura ikiwa tofauti kidogo anakumbuka kwamba yuko sehemu nyingine na sheria ni nyingine, programu zinatoka kwenye hifadhi ya distro siyo kwenye tovuti yoyote anayoikuta. Tofauti ya sura inamfundisha.

#41 Sauti_Kwanza

Mimi naona inategemea. Mtu mzima anayefanya mambo matatu tu, barua pepe, brauza na kuandika, haina haja kumfundisha chochote. Mwekee aikoni tatu kubwa basi.

#42 Dirisha_Wazi

Kwa mara ya kwanza nakubaliana na Bi_Terminali na naogopa. Ndo maana nasema mpe kitu ambacho hakijifanyi kingine.

#43 MshikaKipanya

Bi_Terminali huyo mtu wa .exe angedaunlodi .exe hata kwenye GNOME. Hajui Linux ni nini, hilo linaelezwa kwa mdomo, siyo kwa kuhamisha mstari.

#44 Kaptula

Tuache hayo, nani anamkumbuka samaki? GNOME 2 ilikuwa na samaki anaitwa Wanda unamweka kwenye paneli, ukimbonyeza anakupa maneno ya hekima. Na ukiandika maneno fulani kwenye kisanduku cha Alt+F2 samaki anaanza kuogelea skrini nzima juu ya kazi zako.

#45 KobeKompyuta

Samaki yupo! Kwenye MATE bonyeza kulia kwenye paneli, ongeza, tafuta kwenye orodha. Haya sasa @Dirisha_Wazi, GNOME yako ina samaki?

#46 Dirisha_Wazi

Hoja ya samaki sina majibu nayo.

#47 MtuWaPakiti

Niongeze kitu kimoja cha kiufundi kwa wanaowafundisha wengine. Msiwawekee watu desktopu tatu kwenye mashine moja ili "wachague". Inawezekana, kwenye skrini ya kuingia unachagua, lakini menyu inajaa programu pacha. Vihariri vya maandishi vitatu, visoma PDF vitatu, setingi mbili zinazofanana majina na kila moja inasimamia desktopu yake tu. Nimeshakuta mtu anabadilisha thimu kwenye setingi za GNOME akiwa ndani ya MATE, analalamika haibadiliki. Ajaribu kwa flashi tofauti, akichagua ndo uinstoo moja safi.

#48 Bi_Terminali

Hii ibandikwe juu.

#49 Mgeni_Kabisa

Wakubwa nimerudi. Nimefanya kama Shangazi alivyosema, nimejaribu kwa flashi. Nilianza na Mint MATE ikanipendeza, Wi-Fi imeshika yenyewe. Halafu mdogo wangu akaja akajaribu ya GNOME kwenye flashi nyingine akasema hii ndo yenyewe, akawa anaiendesha vizuri kuliko mimi. Sasa mashine ni moja na sisi ni wawili. Na #47 anasema tusiweke zote mbili 😩

#50 Kaptula

Hahahaaa kazi mnayo. Wapigane.

#51 MtuWaPakiti

Kwenu nyie wawili ni tofauti, nilisema wasiwekewe "ili wachague". Wekeni zote, kila mtu atengenezewe akaunti yake, skrini ya kuingia inakumbuka kila mmoja alitumia ipi. Programu pacha mtazivumilia.

#52 Dirisha_Wazi

Naomba iandikwe kwenye kumbukumbu, mdogo wake kachagua GNOME bila kufundishwa.

#53 MshikaKipanya

Na mwenye mashine kachagua MATE bila kufundishwa. Iandikwe pia.

#54 Mgeni_Kabisa

Swali dogo tu la mwisho, vitufe vya kufunga dirisha naweza kuvihamishia kushoto? Mkono umezoea huko.

#55 KobeKompyuta

Kama MATE Tweak haipo iinstoo, fungua, nenda sehemu ya madirisha, kuna chaguo la upande wa vitufe, weka kushoto. Nilijua tu wewe siyo mtu wa Windows, umetoka Mac.

#56 Mgeni_Kabisa

😅 Windows ilikuwa ya kazini.

#57 Bi_Terminali

Kwa hiyo kurasa zote hizi tumebishana kuhusu mtu aliyetoka Windows na mtu mwenyewe katoka Mac. Mgeni, printa unayo ya aina gani?